Karanga za Ntalikwa

Ipuli, Tabora
18 Januari 2025

Shamimu,

Salamu utazikuta mwisho wa barua hii, kama nitakuwa nimeona unastahili.

Simu nimeizima. Usijisumbue kupiga, usimpigie jirani aniletee ya kwake, na usimtume mumeo. Kuanzia leo mwenye neno na mimi ataliandika kwenye karatasi, atatia sahihi, atampa Fikiri wa basi aniletee mkononi. Karatasi haina sikio, wala haina mtu wa tatu anayekohoa ndani yake.

Mumeo Nasri alipita hapa juzi akienda Kigoma. Nikamchinjia kuku, maana mimi si mtu wa kumnyima mkwe kuku. Akala, akanawa, akaniambia, "Baba, daktari amefurahi sana na maelezo yako. Amesema ni mara chache kupata mzazi anayekumbuka kiasi hicho." Nikamuuliza daktari gani. Akaniangalia, nikamwangalia. Kisha akasema basi lake litamwacha. Basi lilikuwa la saa kumi, na hapo ilikuwa saa saba.

Nikakaa nikayaunganisha. Ile Jumamosi ya mwanzo wa mwezi ulinipigia, ukaniamkia vizuri, ukasema umekumbuka nyumbani, nikusimulie ulivyokuwa mdogo. Nikafurahi, mjinga mimi. Tangu mama yako afariki hakuna aliyeniomba nisimulie kitu. Nikakusimulia nusu saa nzima. Nikakwambia ulipokuwa na miaka minane nilikutuma Cheyo asubuhi kwa Mzee Lugembe ukaniazimie keekee ya kutobolea mbao, ukarudi alasiri na kifaranga cha bata, keekee huna. Nikakwambia nilivyokupa ubao wa mninga uupige randa kidogo, ukaupiga mpaka ukaisha, kwa kuwa ulipenda maranda yanavyojikunja. Nikacheka. Nikakupa na ya kwangu, kwamba damu ni moja, kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuuacha mlango wa Alhaji Selemani unaning'inia kwenye bawaba moja nikaenda Urambo kutazama magogo, nikakaa huko wiki tatu. Hilo la Urambo sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani namwambia mwanangu.

Hapo nikasikia kikohozi. Nikauliza, "Nani huyo?" Ukasema, "Redio, Baba."

Redio.

Mimi ni Majidi bin Sabiri. Milango yangu ipo Kahama, ipo Nzega, ipo Sikonge mpaka Ujiji, na hakuna hata mmoja uliopinda. Babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, yule mtu wa mbele wa msafara. Aliongoza wapagazi mia tatu kutoka hapa mpaka pwani na hakumuuliza mtu njia. Mtu wa ukoo huo hasikilizwi kwa kuviziwa kama mwizi wa kuku.

Niandikie uniambie nani alikuwa akisikiliza na alikuwa akitafuta nini kwangu. Kuhusu salamu nimetafakari. Sikupi.

Majidi bin Sabiri
fundi


Dodoma
27 Januari 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliiandika nikaimaliza, halafu nikaipoteza ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Nasri ameitafuta hata ndani ya friji, kwa sababu ndani ya friji ndimo alimokuta funguo zangu wiki iliyopita.

Aliyekohoa ni Daktari Advera. Ni daktari wa magonjwa ya akili, yuko Dar es Salaam, nami huonana naye kwa video kwenye kompyuta. Siku ile nilikuwa nimekaa naye, yeye kwenye kioo na wewe kwenye simu mezani, sauti nimeifungulia. Aliniomba nimpatie mtu aliyenijua kabla sijafika miaka kumi na miwili. Nikamwambia Baba yangu amekubali. Nilidanganya watu wawili kwa wakati mmoja, na wote wawili walikuwa wananitakia mema.

Sikukuomba kwa sababu nilijua utakataa. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine nzuri zaidi.

Unajua mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya umeme. Usichojua ni kwamba mwezi wa kumi nilipeleka Shinyanga nyaya za Singida, na za Shinyanga nikazisahau uani zikanyeshewa. Bosi wangu, Bwana Vedasto, ameshaniandikia onyo mara mbili. La tatu ni kuondoka. Si kwamba sijitahidi, Baba. Huwa nafika kabla ya wote na naondoka baada ya wote, na bado kazi zangu zinabaki nusu nusu. Daktari anasema huenda ni hali inayoitwa ADHD. Si wazimu wala si uvivu. Mtu anazaliwa nayo, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Akili haikai pale unapoiweka. Inakaa inapopapenda yenyewe, na ikishapapenda haitoki. Miaka thelathini na minne nimejiita mvivu, nikashangaa mvivu gani huyu anayechoka kuliko wanaofanya kazi.

Ina tiba. Kwanza nipimwe presha na moyo kwenye hospitali ya hapa, kisha dawa ikionekana inanifaa. Halafu yupo mshauri, naye wa kwenye video, ananifundisha kupanga siku. Somo lake la kwanza ni hili: kazi moja mezani, nyingine zote zifichwe zisionekane.

Nasri aliporudi na kuniambia yaliyompata kwako, nilimweleza daktari ukweli. Akafuta yote uliyoyasema. Amesema maneno ya mtu yaliyochukuliwa bila mwenyewe kujua hawezi kuyatumia. Lakini ni lazima ajue kama mambo haya yalianza utotoni au yamekuja na msiba wa Mama, kwa sababu tiba zake si moja. Kwa hiyo anataka ama wewe useme kwa hiari yako, ama ripoti zangu za shule ya msingi.

Ripoti zipo kwenye sanduku la bati la Mama. Nakuomba umpe Fikiri aniletee. Bwana Vedasto sijamwambia habari za daktari na sitamwambia. Mtu akishasikia magonjwa ya akili haulizi swali la pili.

Nisamehe kwa ile redio.

Mwanao,
Shamimu


Ipuli, Tabora
5 Februari 2025

Shamimu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai katikati. Nimeisoma yote, na nimeisoma mwenyewe. Mimi nilisoma ngumbaru mwaka wa sabini na nne, darasa la watu wazima, nikapata cheti wakati wenzangu walitoroka kwenda kuvuna tumbaku.

Kwa hiyo nilihojiwa. Shahidi wa polisi angalau anaambiwa kaa hapa, wewe ni shahidi.

Akili haikai? Na nani amekwambia akili ya mtu wa ukoo wetu inatakiwa ikae? Sisi ni watu wa njia. Wazee wetu wangekaa, pembe zingefikaje pwani? Huyo daktari wako hajakushika mkono, hajakutazama ulimi, anakuona kifua kwenda juu kama picha ya kitambulisho, halafu anakupa ugonjwa wenye herufi nne. Mimi siwezi hata kupima mlango wa mtu bila kufika nyumbani kwake.

Ripoti zako nazijua. Maandishi ya walimu yana mikia mingi, kwa hiyo kazi ya kuzisoma nilimwachia mama yako. Kila muhula alinisomea pale kwenye mkeka, "Shamimu anaendelea vizuri, walimu wanamsifu." Sikuitwa shuleni hata siku moja kwa miaka saba. Kama ulikuwa mgonjwa, mbona hawakuniita?

Na usiniambie kazi za nusu nusu ni ugonjwa. Hapa karakana nina milango kumi na moja imesimama tangu mama yako aondoke. Siumwi. Wateja wa siku hizi hawana subira na misumari ya siku hizi ni laini.

Sanduku limefungwa, ufunguo alikwenda nao aliyekwenda. Litabaki hivyo.

Lakini huyo Vedasto asikutishe. Una baba. Leo hii nachukua hatua, na ukisikia imefanyika ujue imefanywa na mwanamume.

Majidi bin Sabiri
fundi


Ipuli, Tabora
5 Februari 2025

Kwa Bwana Vedasto,
Bosi wa Stoo, Dodoma

Bwana,

Mimi ndiye baba mzazi wa Shamimu, karani wako. Tabora nzima ukitaja jina langu utaonyeshwa nyumba.

Nimepata habari unamwandikia barua za onyo. Nakuarifu, mwanamume kwa mwanamume, kwamba binti yangu hana ugonjwa wa akili. Hiyo ADHD ni maneno ya daktari mmoja wa magonjwa ya akili anayekaa ndani ya kompyuta. Usimsikilize. Dawa wanazotaka kumpa mimi sijaziruhusu. Huyu mtoto alikuwa na akili tangu mdogo, niulize mimi. Na kama nyaya zilinyeshewa, kosa ni la mvua.

Ukihitaji mlango wa stoo nitakutengenezea wa mninga safi, mwizi atazeeka nje.

Wako,
Majidi bin Sabiri
fundi


Dodoma
17 Februari 2025

Baba,

Shikamoo.

Leo Bwana Vedasto ameniita ofisini. Barua yako ilikuwa mezani kwake. Ameisoma kwa sauti, mhasibu akiwa amekaa pale. Walipofika kwenye mwizi kuzeeka nje walicheka. Lakini kwenye magonjwa ya akili hawakuwa wamecheka, na baada ya kucheka walirudi hapo.

Akasema, "Shamimu, mimi sikujua kama nimemkabidhi stoo mtu wa namna hiyo."

Nimepewa mpaka Ijumaa, tarehe 28 Machi. Nilete karatasi ya daktari inayosema nina nini, natibiwaje, na kama kazi naiweza. Nisipoileta, Jumatatu yake nisije. Na daktari hawezi kuandika karatasi ya uchunguzi ambao hajaumaliza, na hawezi kuumaliza bila ripoti au bila wewe. Nimemuuliza mara mbili. Amesema akiandika kwa kunihurumia atakuwa hajanitibu.

Nilipotoka ofisini, yule dada tunayekula naye mchana alikuwa ameshahamisha kikombe chake.

Mimi nilimficha mtu mmoja akakusikiliza. Wewe umenitangaza kwa watu ninaokula nao. Sipimi lipi ni kubwa. Nasema tu kwamba siri yangu nilimpa baba yangu peke yake, kwenye karatasi, kama alivyotaka, kwa sababu aliniambia karatasi haina sikio.

Sanduku bado liko chumbani kwako, Baba.

Shamimu


Ipuli, Tabora
24 Februari 2025

Shamimu,

Nilikutetea. Anayemtetea mwanawe haombi radhi, na mimi siombi.

Sikujua atasoma mbele ya mtu. Barua ya mwanamume inasomwa kimya. Hiyo ni tabia yake, usinibandikie mimi.

Sanduku nitalifungua. Usifurahi. Nalifungua ili nizitoe hizo ripoti nzuri nilizosomewa miaka saba, nikuletee, umwekee daktari wako mbele ya kioo chake aone mtoto wangu alivyokuwa. Mtaaibika wote wawili. Ngoja nimalize kazi ndogo niliyonayo.

Majidi bin Sabiri
fundi


Ipuli, Tabora
8 Machi 2025

Shamimu,

Kufuli la mama yako sikulivunja. Niling'oa bawaba kwa nyuma, kufuli likabaki limefungwa vilevile. Mimi ni fundi.

Ripoti ziko kumi na nne, zimefungwa na kipande cha kanga. Nimezisoma siku mbili, herufi moja moja, na mikia yake yote. Nimefunga Ramadhani, koo kavu, na nimezisoma kwa sauti ili nisijidanganye.

Darasa la pili Mwalimu Silasi ameandika hivi: "Ana akili nyingi lakini hatulii. Ama anamaliza wa kwanza ama hamalizi kabisa. Amepoteza madaftari manne. Mzazi afike shuleni." La tatu, mzazi afike shuleni. La nne: "Namshauri mzazi ampeleke mtoto hospitali aonwe na mtaalamu." Mwaka elfu mbili huo. Aliandika kwangu, kwa jina langu, na mimi nilikuwa nimekaa mita mia nane kutoka shuleni napiga randa.

Na kila ripoti, chini, penye sahihi ya mzazi: M. Sabiri. M. Sabiri. Mara kumi na tatu. Mimi sijawahi kuandika M. Sabiri maishani mwangu. Jina langu nililipata ngumbaru kwa jasho, na nililipata lote. Silikati nusu kwa kuwa mstari ni mfupi. Hiyo M naijua. Mguu wake wa kulia ni mrefu, unashuka chini ya mstari, ndivyo mama yako alivyoandika Majidi kwenye magunia ya mchele ili yasichanganyike na ya jirani.

Ya kwanza tu, ya darasa la kwanza, ndiyo ina jina langu kamili. Hiyo nilitia sahihi kweli. Yaliyokuwemo siyakumbuki vizuri.

Kuna jingine. Nyuma ya ripoti mwalimu alikuwa anaandika, "Mama wa mtoto amefika, tumezungumza," na tarehe. Nikazitazama tarehe, moja kila muhula. Mama yako kila muhula alikuwa na siku yake moja ya kuaga mapema, anavaa baibui jipya, ananiambia anakwenda Ntalikwa kwenye shamba la ndugu yake kununua karanga. Anarudi adhuhuri na karanga kweli, kwenye kapu, anazikaanga, tunakula wote, wewe ukiwa katikati yetu. Nilizisifia karanga zile. Niliwaambia watu msikitini karanga za Ntalikwa hazina mfano. Kumbe alikuwa anazinunua sokoni akitoka shuleni. Miaka saba nimelishwa uongo uliokaangwa.

Mwanamke niliyelala naye ubavu miaka arobaini. Niliyemtazama mara ya mwisho kabla hajazikwa nikasema huyu hakunificha kitu.

Aliyekufa siwezi kugombana naye, na mwezi huu hasa haifai. Kwa hiyo nagombana na wewe. Ulijua?

Majidi bin Sabiri
fundi


Dodoma
12 Machi 2025

Baba,

Shikamoo.

Nilijua.

Nilikuwepo siku ya ile ripoti ya kwanza. Ulimwambia Mama akusomee mbele ya wateja wawili, maana ulikuwa umeshawaambia binti yako ni wa kwanza darasani. Akasoma, "Hatulii, anasimama simama, hasikilizi." Wateja wakatazama chini. Ukatia sahihi, jina lote, ukasema, "Karatasi kama hii ikirudi tena namtoa shule, atafagia maranda." Halafu ukachukua fagio la karakana ukalisimamisha pembeni ya begi langu. Lilikaa hapo wiki nzima. Nilikuwa na miaka saba, kila asubuhi nachukua begi naliacha fagio.

Mama aliniambia maneno haya, nayakumbuka kuliko namba yangu ya simu: "Baba yako akishasema neno mbele za watu halirudishi, hata likimuumiza yeye mwenyewe. Basi tusimpe nafasi ya kulisema." Ndiyo maana ya M. Sabiri. Hakukuficha kwa kukudharau. Alikuogopa siku hiyo, na baadaye akazoea.

Na kwa kuwa umeuliza, nitakwambia na lililobaki, nisiendelee kubaki na kitu chako.

Kila asubuhi baada ya alfajiri, wewe ukiwa bado msikitini, Mama alikuwa anaingia karakana. Kazi zote zilizoanzwa alizihamishia chumba cha nyuma, anazifunika mkeka. Kwenye ile ya zamani kuliko zote alifunga utepe wa kanga, akaiacha peke yake benchini. Ukimuuliza za wengine ziko wapi, anakwambia mbao hazijafika kutoka msituni. Zilikuwa zimefika, Baba. Miaka yote zilikuwa zimefika. Nilimsaidia kubeba upande wa pili wa ubao tangu nikiwa darasa la tatu.

Mshauri wangu aliponiambia kazi moja mezani, nyingine zifichwe, nilimwambia somo hilo nililianza darasa la tatu.

Sikwambii una nini. Hilo daktari huzungumza na mtu aliyekubali mwenyewe kusikilizwa, na nimejifunza. Nakwambia tu Mama alifanya nini na mikono yake.

Presha na moyo nimeshapimwa, viko sawa. Kilichobaki ni ripoti. Ukiona huwezi, nitaelewa, nitatafuta kazi nyingine. Lakini wewe umeniuliza kama nilijua, na mimi sina tena redio ya kusingizia.

Shamimu


Ipuli, Tabora
20 Machi 2025

Shamimu,

Barua yako ina wiki moja hapa. Siku tatu sikukujibu kwa hasira, na siku nne kwa kazi.

Hilo fagio nimelikumbuka. Kwa miaka yote nilikuwa nalikumbuka kama mzaha.

Siku ya nne niliingia chumba cha nyuma. Mkeka upo. Nyuma ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari tepe za kanga kama ishirini, zimepauka. Nimepita hapo miaka arobaini nikidhani ni matambara ya kufutia mafuta. Nikahamisha milango kumi, mmoja mmoja, peke yangu, na nimefunga. Upande wa pili wa ubao hakuna mtu siku hizi. Nikaifunika. Nikauacha mmoja benchini, wa Bi Doto wa Cheyo, aliyeacha kuja kuuliza tangu mwaka juzi. Nikafunga utepe.

Nimeumaliza jana alasiri. Nimeupeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Bi Doto alitoka akaushika akasema, "Fundi, nilishaweka wa bati." Nikaufunga wa mninga juu ya wa bati bila kusema neno, na unajua mimi si mtu wa kutosema neno.

Usidhani ni kwa ajili ya mshauri wako. Nilitaka kujua kama mama yako alikuwa fundi kuliko mimi. Alikuwa.

Sijamsamehe. Nimetembea mji huu maisha yangu yote nikiwaambia watu mikono ya Majidi haina mfano, naye amesimama pembeni na kapu lake, anajua nani anaipangia kazi. Angenicheka hata siku moja ningeshtuka. Hakuwahi kunicheka. Nashindwa kujua hilo niliweke wapi.

Na wewe ulibeba ubao.

Ripoti zote kumi na nne amezibeba Fikiri kwenye bahasha ya khaki, nimeishona kwa uzi ili isifunguke ukaziacha ndani ya friji. Chini ya kila M. Sabiri nimeandika jina langu lote na tarehe ya leo. La kwake sikulifuta. Ile ya kwanza sikuigusa, ina jina langu tayari, na ndiyo mbaya kuliko zote.

Mwambie Daktari Advera yale niliyoyasema kwenye simu sasa nayatoa kwa hiari yangu: keekee, kifaranga cha bata, na ubao ulioisha. Ayaandike, sahihi yangu hii hapa chini. La Urambo asiliandike. Hilo ni langu, na bado sijamkubalia mtu.

Kwa Vedasto siandiki tena. Nilianza, nikaichana. Kama atasoma karatasi ya daktari mbele ya mhasibu, msimamie palepale mpaka amalize, usiangalie chini kama wale wateja wangu.

Simu bado nimeizima.

Nimezihesabu shikamoo zako za kwenye barua, ziko tatu. Majibu yake haya: marahaba, marahaba, marahaba. Ile ya kwenye simu niliijibu huku mtu nisiyemjua anasikiliza, kwa hiyo jibu lake nimelirudisha. Hiyo uje uniamkie upya, hapa nyumbani, na asiwepo wa kukohoa.

Majidi bin Sabiri